Wakuu, nani humu amewahi kuimaliza ile orodha ya muvi 100 bora za dunia? Namba moja imenitoa jasho

Kijana wa Igoma

Habari za jioni wakuu. Wapenzi wa muvi humu ndani naombeni msaada maana ninayekaa naye geto yeye ni Simba na Yanga tu, ukimwambia mambo ya filamu anakuuliza kuna mateke?

Iko hivi, kuna jarida la Uingereza linaitwa Sight and Sound, hawa jamaa tangu 1952 kila baada ya miaka 10 wanawauliza wataalamu wa filamu dunia nzima muvi gani ndo kali kuliko zote, mara ya mwisho ilikuwa 2022 na walipiga kura watu zaidi ya 1,600. Mimi nimekaa na sizoni za Kikorea mpaka naota nainamisha kichwa nikisalimia, nikasema hapana, ngoja nione wenye kazi yao huwa wanaangalia nini. Nikaamua naanza namba moja nashuka mdogo mdogo mpaka mia.

Sasa namba moja yenyewe inaitwa Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ndiyo, mmesoma vizuri, jina la muvi ni anwani ya nyumba. Ya 1975, ametengeneza dada wa Kibelgiji anaitwa Chantal Akerman, masaa matatu na dakika ishirini hivi. Wakuu, mle ndani mama anamenya viazi. Anamenya kiazi kimoja kinaisha, anachukua cha pili, kamera imekaa palepale kama imegandishwa, na wewe umekaa unamwangalia. Anaosha vyombo ametupa mgongo. Anapiga viatu vya mtoto wake rangi. Nikawa najipa moyo hapa saa hizi kuna mtu atavunja mlango, wapi, akawasha taa, akazima taa, akaenda jikoni. Kidogo umeme ukakatika na sikusikitika hata kidogo.

Nikarukia namba mbili, Vertigo ya Hitchcock ya 1958, hiyo nikaielewa, yule mzee wa kuogopa urefu anavyomfuatilia yule mwanamke na gari taratibu unabaki unajiuliza huyu ana mapenzi au ana wazimu. Namba tatu Citizen Kane ya 1941, sawa, picha zake kali, ila steringi mwenyewe hakunigusa, tajiri analia na utoto wake masaa mawili.

Sasa naomba mnijibu bila kunionea haya, hivi nifuate mpangilio au nichague chague tu? Na hizi muvi kweli watu wanazipenda kutoka moyoni au ni za kujionyesha? Jumamosi huwa tunaangalia muvi na wana pale kwenye banda la jamaa yangu, nataka nipeleke moja ambayo hawatanifukuza.

dagaa_kauzu

Muvi haina adui, haina bastola, steringi anamenya viazi, afu namba moja duniani hahaha. Si bora nikamwangalie mama ntilie hapa Mabatini bure na mwisho napewa chipsi.

Mama wa Wawili

Wewe dagaa ungekaa ukamwangalia huyo mama ntilie masaa matatu bila kushika simu ungejua mambo mengi ambayo hujui.

Kijana wa Igoma, pole mdogo wangu ila hiyo muvi uliikatisha pabaya. Mimi niliiangalia kwa vipande, watoto wakishalala, na nakwambia sijawahi kuangalia muvi nimekunja mikono hivi. Ile siku ya kwanza inakuonyesha kila kitu kinavyokwenda kwa utaratibu wake. Yule mama mjane, ana mtoto wa kiume mkubwa, mchana akiwa peke yake anapokea wanaume ndani kwa hela, hela anaweka kwenye bakuli la supu pale mezani anafunika, anaoga, anasafisha beseni, mtoto akirudi chakula tayari. Siku ya pili kuna mwanaume anaondoka, na hapo ndo uangalie vizuri: amesahau kufunika lile bakuli. Viazi vimepitiliza jikoni. Sasa anatembea na sufuria mkononi, anaingia bafuni nalo, anatoka, anarudi jikoni, hajui aliweke wapi. Sufuria tu! Mimi roho ilikuwa inanidunda kuliko muvi yoyote ya bunduki kwa sababu nilishajua huyu mwanamke kuna kitu kimefunguka ndani na hakitafungika tena. Siku ya tatu siisemi, ila kuna mkasi.

Mwanaume akiangalia anasema hakuna kinachotokea. Mwanamke ambaye amewahi kuendesha nyumba peke yake anajua ukiona sukari imewekwa pasipo pake, siku hiyo haiko sawa. Na huyo Akerman alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu tu alipoitengeneza, sijui aliyajulia wapi.

Ila kwa banda la Jumamosi usithubutu, watakupiga.

Mzee wa Mabatini

Kijana, hapo kwenye namba usijitese. Watu wengi wanadhani wale 1,600 walikaa wakapanga moja mpaka mia, sivyo. Kila mpiga kura anataja muvi zake 10, bila kusema ipi ya kwanza ipi ya mwisho, halafu zinahesabiwa kura. Kwa hiyo namba moja maana yake wengi waliiweka kwenye kumi zao, basi. Hiyo ya viazi mwaka 2012 haikuwemo hata kwenye thelathini za juu, mwaka huo aliongoza Hitchcock na hiyo Vertigo. Kabla ya hapo Citizen Kane ilikaa kileleni kuanzia 1962 mpaka 2002, miaka arobaini wanaikuta palepale. Na ile ya kwanza kabisa 1952 iliongoza muvi ya Kiitaliano, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ambayo ilikuwa na miaka minne tu tangu itoke. Kwa hiyo wao wenyewe wanabadilika, wewe unang'ang'ania foleni ya nini.

Na hiyo ya baiskeli ndo upeleke bandani. Mimi niliwawekea vijana wa kijiwe cha boda jirani na kwangu, kwenye laptopu, spika ya kukopa. Dakika tisini tu. Roma baada ya vita, jamaa hana kazi muda mrefu, anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani lakini sharti awe na baiskeli. Baiskeli iko rehani. Mkewe anavua mashuka ya kitandani anakwenda kuyaweka rehani ili baiskeli itoke, na kuna sehemu unaona yule mfanyakazi anapanda na lile furushi la mashuka juu ya rafu na rafu zinaenda juu, juu, juu, zimejaa mashuka ya watu. Vijana walinyamaza pale.

Siku ya kwanza ya kazi jamaa yuko juu ya ngazi anabandika bango, mwizi anasogea. Aisee kijiwe kizima kilisimama, "bro geuka! geuka nyuma bro!" Kiitaliano hawakijui, sabtaito hawasomi, mimi ndo natafsiri, lakini hapo hawakuhitaji mtafsiri. Mmoja ambaye pikipiki yake ya mkataba iliibiwa na bado alikuwa anadaiwa akasema neno moja tu, "huyo ameisha." Jamaa anakwenda polisi, mwandishi wa habari anachungulia kuuliza kuna tukio gani, anajibiwa hamna kitu, baiskeli tu. Wakacheka kile kicheko cha kujuana.

Mwisho sitausema ila jueni waligombana usiku ule, kuna waliosema pale alipofika mwanaume yeyote angefanya vile, kuna waliosema mbele ya mtoto wako hapana, na wote walikubaliana kwamba huku kwetu angeshavalishwa tairi kabla mwenye mali hajafika. Steringi mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwahi kuigiza.

dagaa_kauzu

Hiyo ya baiskeli mzee umeniuzia, nirushie basi. Ila ni blakendiwaiti?

Mzee wa Mabatini

Ni blakendiwaiti. Dakika tano utakuwa umeshasahau.

Ng'wana Sengerema

Mwadila wote. Msidanganyane, banda linataka Seven Samurai. Kurosawa, Mjapani, 1954. Najua mtasema masaa matatu na nusu ni mengi lakini hii ina mapumziko kabisa katikati, sisi tulipoiweka watu walitoka wakanunua mihogo wakarudi na hakuna hata mmoja aliyepotelea njiani.

Hii muvi ni sungusungu. Sitanii. Kijiji cha wakulima, majambazi wenye farasi huja kila mavuno wanasomba. Wanakijiji wanakaa kikao wanalia, wanakwenda kwa mzee wao, mzee anawaambia tafuteni samurai. Wanamwuliza tutawalipa nini sisi maskini, anasema tafuteni samurai wenye njaa. Sasa malipo ni wali tu, na wale wakulima ili samurai wale wali wao wenyewe wanakula mtama. Mkulima wa mpunga wa huku kwetu ukimwonyesha hapo hahitaji mwalimu, analima mpunga yeye, anauza wote, nyumbani anakula ugali.

Baba yangu anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 80 wizi wa ng'ombe ulipozidi kule Shinyanga na Tabora mpaka ukatufikia, watu wakajipanga na pinde na mishale, ukipigwa mwano kila mwanaume anatoka, asiyetoka ana kesi. Sasa aangalie yule kiongozi wa samurai anavyowapanga wakulima waoga na mikuki ya mianzi, anawaambia nyumba za ng'ambo ya mto tutaziacha ili tulinde kijiji, na wenye nyumba hizo wanataka kujitoa, anawakimbilia na upanga kuwarudisha kwenye mstari. Baba alipiga goti kwa mkono akasema ndivyo! Ndivyo ilivyokuwa.

Tatizo ni sabtaito. Sisi tulikuwa na kijana anayejaribu kutafsiri kama enzi za Lufufu, yule wa kutafsiri muvi kwa Kiswahili, ila alizidisha mbwembwe, yule samurai mkimya wa upanga akampa jina la Kisukuma na kila akitokea watu wanashangilia jina. Sijui Kurosawa angesemaje, ila jamaa alipokufa kwa risasi banda lilikuwa msiba. Na angalieni, katika saba wanakufa wanne na wote wanne kwa bunduki, hakuna aliyeshindwa kwa upanga. Hapo mwenye kuelewa aelewe.

Nyanza Binti

Naona mnazunguka Roma, Brussels, Japani. Katika hiyo mia Waafrika mmewaona? Mimi nimeona wawili, wote wa Senegal. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ya 1973, namba 66, na Black Girl ya Ousmane Sembène ya 1966 iko huko mwisho mwisho, 95 na wenzake waliofungana.

Anza na Black Girl, haifiki hata saa nzima vizuri, bando lako halitaumia. Binti anaitwa Diouana anachukuliwa Dakar na familia ya Kifaransa anaambiwa unakuja kulea watoto, anafika Ufaransa watoto hawapo, kumbe kupika, kufagia, kufua, na mama mwenye nyumba kila saa yuko mlangoni. Amepeleka kinyago kama zawadi, wanakitundika ukutani. Binti haongei karibu muvi nzima, ila sauti yake ya ndani unaisikia, na hapo ndo inapochoma, maana kila nyumba unayoijua wewe ina dada wa kazi ambaye ulimwuliza chumvi iko wapi ila hujawahi kumwuliza anawaza nini.

Touki Bouki ni kichaa kwa namna nzuri. Jamaa na pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, yeye na demu wake wanatafuta hela kwa njia yoyote wapande meli waende Paris. Kuna sehemu ya machinjioni mwanzoni kabisa, ya kweli, damu ya kweli, kama una moyo mwepesi angalia pembeni kidogo. Mkifika bandarini kwenye meli, mniambie nani kati ya wale wawili mnamwelewa, mimi na rafiki yangu hatujapatana mpaka leo.

Na kwa kuwa tunaongelea za nyumbani, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mmeiona? Imetoka kwenye kile kitabu cha Adam Shafi, ilioneshwa Toronto 2021 na ndo ikawa ya kwanza Tanzania kuipeleka Oscar tangu 2001. Mia bora wala hatumo, sawa, lakini ukiangalia rangi za Zanzibar mle ndani usiku, utasema hawa watu wanajua kushika kamera.

Mwaloni Kirumba

Mimi nilikuja kusoma tu ila mmenichokoza na hizi muvi zilizosifiwa na wazungu. Mmesahau kwamba Mwanza yetu iliwahi kufika Oscar? Darwin's Nightmare, ya Mwaustria Hubert Sauper, 2004, iliteuliwa kwenye muvi bora za matukio ya kweli. Sisi wa huku tunaiita ile ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa.

Nilikuwa kijana, mama yangu alikuwa kwenye biashara hiyo hiyo. Mzungu kachukua sangara, minofu imepanda ndege ya Mrusi, yeye kaja na kamera kwenye mapanki yanayokaushwa na funza wanaonekana, kisha dunia nzima inajua watu wa Mwanza wanakula uchafu. Mapanki mazuri yale tulikuwa tunakaanga, kichwa cha sangara kina nyama ambayo hao wa Ulaya hawataijua. Mama yangu alitusomesha kwa mapanki. Na lile la kwamba ndege zinakuja na silaha, anauliza uliza marubani muvi nzima mpaka unaona amelikamata, halafu ukiangalia vizuri hajaliona kwa macho. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani, na mimi nikaona kasema sawa.

Mama wa Wawili

Kaka yangu Mwaloni, uchungu wako naujua, na mimi nimekula mapanki nimekua. Lakini jibu swali moja, kwa nini sisi tuliyajua mapanki vizuri hivyo? Kwa sababu minofu ilikuwa haikai. Samaki wa ziwa letu, tunabaki na mfupa na kichwa. Hilo hakulitunga. Na wale watoto wa mtaani wanaogombania sufuria la wali hakuwaleta na ndege.

Tulipoonewa ni kwamba mji mzima umefanywa kuwa giza. Hakuna harusi mle, hakuna mtu anacheka, hakuna mama kama wa kwako aliyesomesha watoto. Ukiangalia unadhani Mwanza hakuna anayeamka asubuhi akafagia uwanja.

Mwaloni Kirumba

Hapo kwenye uwanja tumeelewana. Kwenye silaha bado sijakubali.

Ng'wana Sengerema

Siku hizi angekuja angetengeneza ya mabondo, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwa sangara. Panki anaachiwa maskini, bondo linapanda ndege kwenda China kwa bei ya kununulia pikipiki.

Kijana wa Igoma

Wakuu wabeja sana, uzi umekuwa shule. Mrejesho.

Jumamosi tuliweka ya baiskeli. Mzee wa Mabatini ulisema kweli, hakuna aliyetoka, isipokuwa jamaa mmoja alisema kwa nini hawakufunga kufuli, na hilo swali lilikaa mpaka tunafunga banda.

Ila kilichonipata mimi ni namba nne, Tokyo Story ya Ozu ya 1953. Mama yangu amekuja kutoka Ukerewe kwa ajili ya kliniki Bugando, jioni hana la kufanya, nikaiweka nikamtafsiria. Wazee wawili wanasafiri kwenda Tokyo kuwaona watoto wao wakubwa, mmoja daktari, mwingine ana saluni. Watoto wako bize. Si wabaya, wako bize tu. Wanachangishana hela wawapeleke wazee sehemu ya mapumziko ufukweni wakapumzike, kumbe kule vijana wanacheza na kuimba usiku kucha na wazee hawalali. Mkwe peke yake, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, ndo anaomba ruhusa kazini awatembeze mji.

Mama muda wote anaongea na TV, "ee, huyo binti ana adabu", "huyo wa saluni namjua mimi". Ikafika yule bibi anaumwa sana, watoto wanapelekewa simu ya maandishi, telegramu, waende, sasa wanajadiliana kabla ya kupanda treni, wabebe nguo za msiba au wasibebe. Mama akacheka sana. Mimi sikucheka, maana ndugu zangu naijua hiyo simu. Halafu bibi hajakaa siku nyingi kaburini yule binti wa saluni anaulizia kimono ya marehemu. Mama akasema, "vitenge vyangu nishavigawa tayari, msijisumbue." Akaenda kulala.

Nitarudi kwenye viazi, Mama wa Wawili, nimekuahidi. Safari hii nakaa mpaka mkasi. Ila kuna kitu nimekiona kwenye orodha kinaitwa Sátántangó, ya Mhungaria Béla Tarr, 1994. Masaa saba na zaidi. Kuna mtu humu ameigusa?

Mzee wa Mabatini

Nimeigusa. Inaanza na ng'ombe wanatembea kwenye matope, wanatembea tu, kama dakika nane. Nunua power bank.

dagaa_kauzu

Masaa saba si unapanda meli Ukerewe unamrudisha mama, unasalimia ukoo, unageuza na meli na bado hao ng'ombe hawajafika.

Ng'wana Sengerema

Ng'ombe wa aina gani lakini mzee? Wana pembe ndefu?